Muziki Unaokatika Jioni: Uchambuzi wa Kisa cha Kutiririsha Maktaba ya Kompyuta kwenye Seti ya Hi-Fi

Usuli

Kisa hiki kinahusu kaya moja iliyotaka jambo linaloonekana dogo: muziki wote uliohifadhiwa kwenye kompyuta ya chumba cha kazi usikike sebuleni kupitia amplifaya na spika kubwa za siku nyingi, bila waya kupita kati ya vyumba hivyo viwili. Majina, mahali na aina ya vifaa vilivyosumbua vimeondolewa. Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona mkondo huohuo ukijirudia katika nyumba nyingi, hasa tabia ya kulaumu kasi ya intaneti kwa tatizo ambalo halina uhusiano wowote na intaneti.

Mwenye maktaba ni mtu wa makamo aliyetumia miaka mingi kuhamishia CD zake kwenye kompyuta. Kazi hiyo aliifanya kwa awamu, na kila awamu ilifuata uwezo wa diski wa wakati wake. Albamu za mwanzo zilibanwa kuwa MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, za baadaye kuwa MP3 za kilobiti 320, na nyingi zaidi ziliwekwa katika FLAC, mfumo uliotolewa mwaka 2001 ambao hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza chochote kilichokuwemo ndani ya CD. Juu ya hizo, alikuwa amenunua mtandaoni rekodi kadhaa za ubora wa juu, zenye biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde. Tofauti hii ya ukubwa wa faili itakuja kuwa muhimu sana huko mbele.

Seti ya sebuleni ilikuwa na amplifaya ya stirio isiyojua mtandao wala Bluetooth, spika mbili za kusimama sakafuni, kicheza CD na kicheza santuri. Hakuna aliyetaka kuibadilisha, na nadhani walikuwa sahihi: amplifaya nzuri haizeeki kwa sababu tu haina Wi-Fi. Walichokihitaji ni kifaa kidogo cha kuingia kati ya mtandao na amplifaya. Walitaka pia kila mwanafamilia aweze kuchagua wimbo kwa simu yake, sauti isipungue ubora wa CD, na nyumba isiguswe. Sharti hili la mwisho lilitoka kwa mke wa mwenye maktaba, aliyelieleza kwa maneno machache: "Ukuta wangu hautobolewi."

Hatua za mwanzo

Jaribio la kwanza lilikuwa kipokezi cha Bluetooth, kilichochomekwa nyuma ya amplifaya na kuunganishwa na kompyuta. Hakikufaa. Vifaa vingi vya Bluetooth vya nyumbani vimekusudiwa umbali wa takriban mita 10 mahali pasipo na vizuizi, ilhali hapa palikuwa na kuta mbili za zege. Walipohamia kwenye simu iliyowekwa sebuleni, sauti ilitulia, lakini yakazuka mengine. Milio ya ujumbe ilisikika kwenye spika kubwa, muziki ulinyamaza simu ilipopigwa, na mwenye simu alipotoka nje wimbo uliondoka naye. Zaidi ya hayo, usimbaji wa kawaida wa Bluetooth, unaoitwa SBC, kwa kawaida hauvuki kilobiti 328 kwa sekunde, kwa hiyo faili za FLAC zilizohifadhiwa kwa uangalifu mkubwa zilikuwa zikibanwa upya na kupotezewa data kabla ya kufika kwenye spika.

Ndipo waliponunua kicheza muziki cha mtandao, kisanduku chenye Wi-Fi, kigeuzi cha kubadilisha data kuwa mawimbi ya sauti, na matundu mawili, jekundu na jeupe, ya kupelekea sauti kwenye amplifaya. Mpwa wao ndiye aliyekifunga. Maandishi nyuma ya amplifaya yalikuwa yamefutika kwa vumbi na miaka, naye akachomeka nyaya kwenye matundu mawili yaliyokuwa wazi. Sauti iliyotoka ilikuwa na besi iliyofura, ikikoroma hata kwenye nyimbo za taratibu, na familia ikaamua kwamba kisanduku ni kibovu. Kilikuwa kizima. Matundu yale yalikuwa ya kicheza santuri, yaliyoandikwa PHONO. Sindano ya santuri hutoa sehemu chache tu za elfu za volti moja, yaani milivolti chache, na kwa hiyo sehemu hiyo ya amplifaya huikuza sauti mara nyingi, tena hupandisha besi na kushusha sauti kali ili kurekebisha namna santuri zinavyochongwa. Kicheza muziki au kicheza CD kinaweza kutoa hadi volti 2 hivi. Ukipeleka volti 2 mahali palipoandaliwa kupokea milivolti, amplifaya haiwezi kutoa kitu kingine isipokuwa mkoromo. Nyaya zilipohamishiwa kwenye matundu ya AUX, yaani ya vyanzo vya kawaida vya sauti, sauti ikawa safi papo hapo.

Kwa muda mfupi kila mtu aliridhika. Kisha yakaanza malalamiko yaliyonifikia mimi: asubuhi muziki ulicheza bila shida, lakini jioni ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na mara nyingine wimbo uliachwa katikati na ule unaofuata ukaanza. Rekodi za ubora wa juu ndizo zilizoteseka zaidi.

Kabla ya kuniita, familia ilikuwa imefanya maamuzi mawili. La kwanza lilikuwa kupandisha kifurushi cha intaneti hadi chenye kasi kubwa zaidi, na hakuna kilichobadilika. La pili lilikuwa kuweka kikuza mawimbi cha Wi-Fi kwenye korido, na hali ikawa mbaya kuliko awali. Kikuza mawimbi hicho kilitangaza mtandao wake wenye jina tofauti na ule wa ruta. Simu zilizojiunga na mtandao huo mpya hazikukiona kabisa kicheza muziki, huku zile zilizobaki kwenye mtandao wa zamani zikikiona. Binti yao alifikia mahali pa kusema, "Baba, tuwashe tu CD." Walipofika hapo ndipo nilipoingia.

Uchunguzi

Jambo la kwanza nililoomba ni kuchomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta, huku ruta yenyewe ikibaki imewashwa, kisha kucheza albamu ileile iliyokatika jana yake. Ombi hilo lilizua mshangao, kwa kuwa watu wengi huona Wi-Fi na intaneti kuwa kitu kimoja. Si kitu kimoja. Faili iko kwenye kompyuta ndani ya nyumba, amplifaya iko ndani ya nyumba, na ruta hupokea data kutoka upande mmoja na kuipeleka upande wa pili bila kuitoa nje ya mlango. Muziki ulicheza bila intaneti, na muhimu zaidi, uliendelea kukatika vilevile. Kwa jaribio hilo moja, kifurushi cha intaneti kiliondoka kwenye orodha ya washukiwa, na mazungumzo yote ya kasi yakabaki ndani ya kuta nne.

Kisha tulihesabu muziki unahitaji kiasi gani. Sauti ya CD, kabla ya kubanwa, ni biti 16 kwa sampuli 44,100 kwa sekunde kwa njia mbili, yaani kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ikibanwa kwa FLAC, hushuka hadi kati ya nusu na robo tatu hivi ya kiasi hicho, kutegemea muziki wenyewe. Rekodi ya biti 24 na sampuli 96,000 ni kilobiti 4,608 kwa sekunde kabla ya kubanwa. Kicheza muziki chetu kilikuwa na antena moja na Wi-Fi ya kizazi cha 802.11n, ambayo kwa chaneli ya kawaida hutangaza megabiti 72 kwa sekunde pale mawimbi yanapokuwa mazuri. Hata ukikata nusu ya tarakimu hiyo, ambayo ni ya kwenye makaratasi zaidi kuliko ya nyumbani, bado inabaki nafasi mara nyingi kuliko inayohitajika. Lakini kifaa hichohicho, mawimbi yakidhoofika, hushuka ngazi kwa ngazi hadi megabiti 6.5, na wakati wa kushindana na vifaa vingine hakipati hata hizo kwa mfululizo. Swali halikuwa tena kama njia ni pana vya kutosha kwa wastani. Tulihitaji kujua kama kuna nyakati njia hufunga kabisa, na hufunga kwa muda gani.

Hapo ndipo akiba ya muda inapoingia. Kila kicheza muziki huvuta data mapema na kuiweka kwenye kumbukumbu yake ili kiendelee kucheza njia inapofunga. Tuchukulie akiba hiyo ni megabaiti 4. Kwa MP3 ya kilobiti 320 zitatosha kwa sekunde 100 hivi, ila kwa FLAC ya ubora wa juu inayopita kwa megabiti 3 kwa sekunde zitatosha kwa takriban sekunde 11 tu. Kwa hiyo mkwamo wa sekunde 15 usingesikika kabisa kwenye MP3, lakini ungeikata rekodi ya ubora wa juu. Hesabu hii ilieleza kwa nini familia ilidhani faili za ubora wa juu "zimeharibika". Tulizicheza moja kwa moja kwenye kompyuta kwa kipaza sauti cha masikioni na zilikuwa nzima.

Tulipima pia mwitikio. Kutoka kwenye kompyuta tulituma ujumbe mfupi wa ping kwenda kwa kicheza muziki, mfululizo. Mchana majibu yalirudi baada ya milisekunde chache. Jioni, watoto wakiwa kwenye simu za video na televisheni ikitiririsha filamu, majibu yalichukua mamia ya milisekunde, na mengine hayakurudi kabisa. Tatizo likawa sasa linaonekana kwa macho, jambo ambalo naliona kuwa nusu ya matibabu, kwa maana kila badiliko tulilolifanya baadaye tulilipima kwa kipimo hichohicho, saa zilezile za jioni.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa mezani pa chumba cha kazi. Ruta ilikaa kwenye rafu ileile ya kompyuta, umbali wa kunyoosha mkono, ikiwa na matundu manne ya kebo ya mtandao, yote matupu. Kompyuta ilikuwa kwenye Wi-Fi. Hakuna aliyekuwa ameamua iwe hivyo. Kila kifaa kipya kilipoletwa kiliuliza nenosiri la Wi-Fi, kikapewa, na ikawa mazoea.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuiunganisha kompyuta na ruta kwa kebo fupi. Sababu yake inahitaji kuelezwa vizuri. Katika mtandao wa kawaida wa Wi-Fi, kompyuta haizungumzi moja kwa moja na kicheza muziki. Huipelekea ruta, na ruta hupeleka mbele. Vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli moja vinapeana zamu hewani kama wazungumzaji katika kikao kimoja, ambapo wawili wakisema kwa pamoja hakuna anayesikika na wote hulazimika kurudia. Kompyuta na kicheza muziki vikiwa vyote hewani, kila kipande cha wimbo huomba zamu mara mbili. Kebo ya urefu wa mkono iliondoa moja ya safari hizo, na haikutoboa ukuta wowote. Jioni hiyohiyo ukatikaji ulipungua sana, ingawa haukwisha.

Uamuzi wa pili ulikuwa kukiondoa kikuza mawimbi. Kikuza mawimbi chenye redio moja hupokea na kurudia kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kinarudisha palepale safari ya pili tuliyokuwa tumeiondoa kwa kebo, na zaidi ya hapo hiki kilikuwa kimegawa nyumba katika mitandao miwili isiyoonana. Simu hugundua kicheza muziki kwa tangazo linalotumwa kwa vifaa vyote vya mtandao mmoja, na tangazo hilo halivuki mpaka wa mtandao wa pili. Kwa sababu hiyohiyo tulihakikisha simu za wanafamilia haziko kwenye mtandao wa wageni, ambao kwa makusudi huzuia vifaa kuonana. Tulikagua pia mpangilio wa usalama wa kompyuta, kwa kuwa Windows ikiuhesabu mtandao wa nyumbani kuwa wa hadharani hufunga milango ambayo seva ya muziki inaihitaji.

Uamuzi wa tatu ulihusu masafa, na hapa dhana iliyozoeleka haikufua dafu. Ushauri unaosikika kila mahali ni kuhamia gigahezi 5, penye chaneli nyingi na msongamano mdogo. Tulijaribu. Kipimo cha ping kilikuwa kibaya zaidi, kwa kuwa mawimbi ya gigahezi 5 hupoteza nguvu nyingi zaidi yanapopenya zege, na kuta zetu zilikuwa mbili. Tukarudi kwenye gigahezi 2.4, lakini kwa mpangilio. Katika masafa hayo ni chaneli tatu tu zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana, nazo ni 1, 6 na 11. Ruta iliachwa ijichagulie na ilikuwa imepanua chaneli yake hadi megahezi 40, hivyo ikameza sehemu kubwa ya masafa yote na kugongana na mitandao ya majirani. Tuliirudisha kwenye upana wa megahezi 20 na kuiweka kwenye chaneli 11, iliyokuwa na majirani dhaifu kuliko zote. Simu, televisheni na kompyuta za watoto, zilizokuwa vyumba vya karibu na ruta, tulizihamishia gigahezi 5, na hatua hiyo ndiyo iliyokipa kicheza muziki nafasi ya kupumua. Kwa maoni yangu, hili ni jambo ambalo wengi hulifanya kinyume: huhamisha kifaa kinacholalamika, wakati ingetosha kuviondoa njiani vile vinavyoleta msongamano.

Kilichobaki kilikuwa mahali pa kuweka kisanduku chenyewe. Kilikaa nyuma ya amplifaya, ndani ya kabati, kikiwa kimebanwa kati ya bati la amplifaya na ukuta, antena yake ikitazama transfoma. Tulipata nyaya za sauti za urefu wa mita moja na nusu, tukakipandisha juu ya kabati, upande unaotazama mlango. Nguvu ya mawimbi iliyoonyeshwa kwenye ukurasa wa mipangilio ilipanda kwa kiasi ambacho hakuna ruta ghali ingekileta kwa urahisi huo.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa programu. Kuna namna mbili za kupeleka muziki. Katika ya kwanza, kifaa unachokishika ndicho kinachosukuma sauti. Apple iliizoesha watu namna hii mwaka 2004 ilipotoa AirPort Express yenye AirTunes, iliyobadilishwa jina kuwa AirPlay mwaka 2010. Katika ya pili, kompyuta inaendesha seva inayoijua maktaba yote, kicheza muziki huvuta faili chenyewe, na simu inabaki kuwa rimoti tu. Tulichagua ya pili, kwa sababu mke wa mwenye maktaba hutoka na simu yake mara kwa mara na hakutaka muziki wa wengine unyamaze anapofunga mlango. Kati ya seva zilizopo tulitumia Lyrion Music Server. Historia yake ndiyo iliyonishawishi: ilizaliwa pamoja na vicheza muziki vya kampuni ya Slim Devices, iliyonunuliwa na Logitech mwaka 2006, na ingawa utengenezaji wa vicheza muziki hivyo, vilivyoitwa Squeezebox, ulisitishwa mwaka 2012, programu yenyewe iko wazi kwa umma na watu wa kujitolea bado wanaiendeleza. Kifaa cha Chromecast Audio, kwa kulinganisha, kilitoka mwaka 2015 na kusitishwa mwaka 2019. Maktaba iliyokusanywa kwa miaka mingi haifai kutegemea kisanduku kisichoelewa kanuni yoyote isipokuwa ya mtengenezaji wake.

Mwisho tuliizuia kompyuta isilale, kwa kuwa seva haikuwa ikihesabiwa kama matumizi na mashine ilijizima katikati ya albamu pale ambapo hakuna aliyegusa kibodi. Skrini iliachwa ijizime. Tuliipa kompyuta na kicheza muziki anwani zisizobadilika kwenye ruta, ili visipoteane baada ya umeme kukatika.

Maktaba yenyewe

Sehemu hii haikuwa kwenye malalamiko ya awali, lakini ilikula muda mwingi kuliko Wi-Fi. Mwenye maktaba alikuwa amezoea kutafuta muziki kwa folda, ambazo alizipanga kwa nidhamu ya kupendeza. Seva haisomi folda kwa namna hiyo. Husoma lebo zilizoandikwa ndani ya kila faili: jina la wimbo, msanii, albamu, namba ya wimbo. Ilipomaliza kusoma, albamu moja ya mkusanyiko yenye wasanii tofauti ilionekana kwenye simu kama albamu kumi na nne, kila moja na wimbo mmoja. Msanii mmoja alionekana mara tatu kwa sababu jina lake liliandikwa kwa herufi kubwa mahali pamoja, kwa ufupisho mahali pengine, na kwa nafasi ya ziada mwishoni mahali pa tatu. Nafasi hiyo huwezi kuiona kwenye skrini. Unaipata ukiweka kishale mwisho wa jina na kugundua kimesimama hatua moja mbali na herufi ya mwisho.

Dawa ya mikusanyiko ni lebo ya msanii wa albamu, iliyo tofauti na ya msanii wa wimbo, ikiwa na thamani moja kwa nyimbo zote za albamu hiyo. Binti yao aliichukua kazi hii na kuifanya kwa programu ya kuhariri lebo nyingi kwa mpigo, albamu kwa albamu, akianza na zile zinazochezwa sana. Nilimshauri asiguse sauti yenyewe, na hasa asibadilishe MP3 za kilobiti 128 kuwa FLAC kwa matumaini ya kuziboresha, kwa maana kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Zile alizozipenda zaidi zilihamishwa upya kutoka kwenye CD zao, ambazo kwa bahati nzuri hazikuwa zimetupwa.

Kabla ya kuhariri lebo hata moja, tulinakili maktaba yote kwenye diski ya pili. Hadi siku hiyo muziki wote ulikuwa na nakala moja tu, kwenye diski iliyokuwa ikizunguka kwa miaka.

Matokeo

Muziki sasa hucheza jioni kama unavyocheza asubuhi, rekodi za ubora wa juu zikiwemo. Kukatika hakujakwisha kabisa: mara chache, tanuri ya maikrowevu inapofanya kazi, rekodi za ubora wa juu husita, kwa kuwa tanuri hizo hutumia masafa ya karibu na gigahezi 2.45. Familia imeamua kuvumilia hilo. Kifurushi cha intaneti kimerudishwa kilipokuwa, na kikuza mawimbi kimekaa kwenye droo.

Kuhusu ubora wa sauti, swali lilikuwa kama inafaa kununua kigeuzi cha nje cha bei kubwa. Tuliweka CD na faili yake ya FLAC zicheze kwa pamoja, tukasawazisha sauti, na mtu mmoja akabadilisha chanzo kwenye amplifaya huku wengine wakiwa wamempa mgongo. Kusawazisha ni muhimu, kwa maana sikio huhesabu chenye sauti kubwa kidogo kuwa ndicho bora. Hakuna aliyeweza kuvitofautisha kwa uthabiti, na kigeuzi hakikununuliwa. Sauti ya kicheza muziki iliwekwa kwenye kiwango cha juu na kufungwa hapo, na kupunguza au kuongeza kunafanywa kwa kitufe cha amplifaya. Utaratibu huu unalinda sauti ya biti 16 kwenye vifaa vinavyopunguza kwa hesabu, ambapo kila desibeli 6 zinazopunguzwa hugharimu biti moja, na una faida nyingine ya kawaida zaidi: mtoto hawezi kuzidisha sauti ya spika kwa kutelezesha kidole kwenye simu akiwa chumbani.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kuchomoa intaneti. Jaribio hilo halikugharimu chochote, lilichukua muda mfupi, na liligawa tatizo katika pande mbili zisizochanganyika. Familia ilikuwa imelipia jibu la swali ambalo lingeweza kujibiwa kwa kuvuta waya mmoja. Sidhani kwamba walikuwa wazembe. Neno "mtandao" hutumika kwa yote mawili, na kila tangazo la vifurushi hufundisha kwamba kukwama maana yake ni kasi ndogo.

Kipimo cha ping nacho kilistahili nafasi yake, kwa sababu kilituokoa na uamuzi wa gigahezi 5. Bila kipimo, tungehamia huko kwa kufuata ushauri wa jumla, tungepata jioni moja yenye bahati, na tungefunga kazi.

Nina mashaka zaidi kuhusu mpangilio wa hatua zetu. Kukihamisha kisanduku kutoka ndani ya kabati kungeweza kuja mwanzo kabisa, kabla ya kugusa chaneli. Tulikiweka mwisho kwa sababu nyaya ndefu hazikuwepo, na matokeo yake ni kwamba hatuwezi kusema kwa hakika badiliko la chaneli lilichangia kiasi gani peke yake. Anayekabiliwa na hali kama hii aanze na mahali pa antena.

Ununuzi wa kikuza mawimbi ulishindwa kwa sababu ulijibu dhana ya mawimbi dhaifu bila kuuliza ni wapi yanadhoofika. Kingewekwa kwa kebo kutoka kwenye ruta, kama kituo cha pili cha Wi-Fi chenye jina lilelile la mtandao, kingeweza kuwa suluhisho zuri, lakini kebo hiyo ingehitaji kupita kwenye ukuta usiotobolewa. Kama sharti hilo lisingekuwepo, ningependekeza kebo moja hadi nyuma ya amplifaya na kuachana na Wi-Fi kwa kicheza muziki kabisa.

Kuna suala moja ambalo limeachwa wazi. Kompyuta kubwa inayowaka mchana kutwa kwa ajili ya kutoa faili inatumia umeme mwingi kuliko kazi hiyo inavyohitaji. Kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi yenye diski ya nje, iliyochomekwa kwenye moja ya matundu matatu yaliyobaki ya ruta, ingeifanya kwa wati chache, na seva iliyochaguliwa inakubali kuhamishwa. Familia pia inataka spika za pili jikoni, zicheze wimbo uleule kwa wakati uleule. Hapo watahitaji kicheza muziki kinachoelewa kanuni ileile ya seva hiyo, kwa sababu kila kifaa hucheza kwa saa yake ya ndani, na saa mbili zisizorekebishwa na seva moja huachana kidogo kidogo hadi mtu aliyesimama koridoni asikie kila neno la mwimbaji mara mbili.